Njia Mpya ni Njema, Lakini Feri Tusiihame

Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika na kufunguliwa kwa magari mwaka 2024, imezuka kauli moja ambayo naisikia kila nikaapo, iwe Ukunda penye meza ya kahawa, iwe Msambweni nje ya msikiti baada ya sala, iwe kisiwani Mvita kwenyewe. Kauli hiyo ni kuwa feri ya Likoni sasa imekwisha kazi. Mwenye gari, wasema wenye kauli hiyo, hana haja tena ya kusimama foleni kungoja chombo. Na apite njia mpya, ajivinjari na madaraja yake, na feri waachiwe watu wa miguu.

Wasemao hivyo si watu wabaya, na wengi wao ni ndugu na marafiki zangu. Lakini kauli yao naiona ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kasoro ya hesabu, na ya pili ni kasoro ya utu. Nitaanza na ya hesabu kwa kuwa ndiyo nyepesi, kisha niingie katika ile ya pili, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza kabisa, tusiwe wachache wa shukurani. Barabara ile ni kazi kubwa. Imeanzia Miritini, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ikapita Mwache na Mteza juu ya maji na mikoko, ikaja ikatokea Kibundani, kwenye barabara yetu ya Likoni na Lunga Lunga. Urefu wake wote ni kama kilomita 17 hivi, na daraja lake la Mteza peke yake lina karibu kilomita moja na nusu. Fedha nyingi za ujenzi zilikopwa Japani kupitia shirika lao la JICA. Sehemu ya mwanzo ilifunguliwa mwaka 2018, na sisi tukangoja miaka mingine kadha hadi zilizobaki zilipokamilika.

Kabla ya hapo, mtu wa Kwale aliyetaka kwenda Nairobi kwa gari alikuwa na njia mbili tu. Ama avuke feri, aingie kisiwani, aupenye mji mzima hadi atoke Makupa. Ama azunguke kwa Kinango atokee Mariakani. Lori lililotoka mpakani Lunga Lunga lilikuwa halina budi kuja kusimama pale Likoni pamoja na mama mwenye kapu la maembe. Mgeni wa Diani aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi alipoteza nusu ya siku yake ya kwanza barabarani, na huenda asirudi mwaka wa pili. Mambo hayo yamepungua, alhamdulillahi, na mtu asiyekiri neema hiyo atakuwa na choyo.

Lakini na tuulizane, barabara ile yaelekea wapi? Yaelekea Miritini. Na Miritini, ndugu zangu, si Marikiti, wala si Kibokoni, wala si Hospitali Kuu ya Pwani. Mtu aliyetoka Ukunda kwa gari lake kwenda kununua bidhaa Marikiti, akipita Dongo Kundu, atakwenda kwanza upande wa bara akiupa mji kisogo, afike Miritini, halafu ageuke arudi tena kuutafuta mji. Na hapo ageukapo ndipo mashaka yalipo. Ile ndiyo barabara kuu itokayo bandari ya Kilindini kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo. Malori ya makontena yamepangana kama shanga. Atapita Changamwe hali anahesabu magurudumu, afike Makupa, ambako tuta la zamani limepishwa na daraja tangu mwaka 2022, na hapo ndipo aingie kisiwani, jasho limemtoka na petroli imemtoka.

Mtu huyo huyo angalikuja Likoni moja kwa moja. Maji yanayotenga Likoni na kisiwa si zaidi ya nusu kilomita. Chombo kikishang'oa, dakika chache tu umekwisha fika ng'ambo. Angezima injini, akateremsha kioo, akapata upepo wa bahari ambao wageni hulipa fedha nyingi kuja kuutafuta, na huku angali na akili yake timamu. Sitasema kwamba feri haina foleni. Foleni iko, na chombo kimoja kikiharibika foleni hiyo hurefuka mpaka mtu akakata tamaa. Lakini kwa macho yangu mwenyewe, tangu malori na magari ya safari ndefu yalipopata njia yao Dongo Kundu, foleni ya magari Likoni si ile tuliyoizoea. Kwa hivyo wakati ambao feri imeanza kupumua ndio wakati ambao twaambiana tuihame. Huko ndiko wazee walikotuonya waliposema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kanuni yangu ni nyepesi, mtoto wa chuoni aweza kuihifadhi. Aendaye Nairobi, au uwanja wa ndege, au stesheni ya gari la moshi ya Miritini, na apite Dongo Kundu. Ndiyo njia yake na Mungu amjaalie salama. Aendaye kisiwani, na aje kwenye feri. Kila njia na wake. Aendaye kisiwani akapita Miritini amejidhulumu mwenyewe, na amewadhulumu wenye safari zao kwa kuwazidishia gari moja zaidi penye magari tele.

Hiyo ndiyo hesabu. Sasa tuje kwenye utu.

Jina Likoni, kwa wale wasiolitazama kwa makini, limetokana na neno letu la zamani, liko, maana yake mahali pa kupandia na kushukia chombo. Likoni ni kwenye liko. Mji mzima umepewa jina kwa kazi yake ya kuvusha watu. Watu walikuwa wakivuka hapo kwa madau na mitumbwi kabla ya kuja kwa feri ya injini, na huduma hiyo ya feri imekuwako tangu mwaka 1937. Kwa muda mrefu iliendeshwa na kampuni ya mabasi; mwaka 1989 likaundwa Shirika la Huduma za Feri, na siku hizi feri iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Wenyewe wamebadilika, majina ya vyombo yamebadilika, lakini jambo moja limebaki: mtu wa miguu huvuka bure, na gari hulipa.

Naomba tulitafakari jambo hilo. Kwa miaka mingi kabla ya njia mpya, hesabu iliyokuwa ikitolewa kuhusu Likoni ilikuwa ni zaidi ya watu 300,000 na magari zaidi ya 6,000 kila siku. Ukigawanya, utaona kwamba kwa kila gari moja palikuwa na watu kama hamsini wanaovuka kwa miguu. Gari lile moja ndilo lililokuwa likitoa ushuru. Wale hamsini walikuwa hawatoi kitu. Wala sisemi kwamba ushuru wa magari pekee ulitosha kuendesha feri. Serikali ililazimika kutia mkono mfukoni. Lakini mtu na mwenzake walikuwa wakichukuana. Aliyejaaliwa gari alikuwa, ajue asijue, akimchukulia mwenziwe asiye nalo sehemu ya mzigo wake. Chuoni tulifunzwa kwamba hata kuondoa mwiba njiani ni katika imani. Je, kumvusha mtu maji kutakuwaje?

Sasa magari yakiihama feri yote, ushuru utapungua. Ushuru ukipungua, siku moja atatokea bwana mmoja mwenye tai na karatasi zake aseme kwamba feri inakula hasara. Na kauli ya pili baada ya hiyo sote twaijua. Atasema kwamba mtu wa miguu naye atoe kidogo. Kidogo chenyewe kwa mwenye mshahara mnono si neno. Lakini mtumishi wa nyumbani avukaye alfajiri na kurudi jioni, siku ishirini na sita kwa mwezi, kwake yeye kidogo mara hamsini na mbili si kidogo. Ni kilo za unga. Ni karo ya mtoto. Dar es Salaam, pantoni ya Kigamboni hutoza nauli hata kwa mtu wa miguu, na wenzetu wamezoea. Sisi hatukuzoea, wala sioni sababu ya kuzoeshwa.

Lakini ushuru si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa kuliko yote ni sauti.

Mwenye gari akicheleweshwa kwenye foleni, hupiga simu. Humwandikia mhariri. Humtafuta mbunge wake, na mbunge humsikiliza kwa kuwa pengine waliketi meza moja arusini. Mwenye hoteli ya Diani akiwa wageni wake wamekwama Likoni, husema katika mikutano ya wakubwa, na wakubwa huitikia. Kelele hizo sisi twaweza kuziona ni za kujitakia makuu, lakini chini ya kelele hizo ndipo walipojificha watu mia tatu elfu wasiokuwa na simu ya kumpigia mkubwa yeyote. Chombo kilipotengenezwa kwa sababu ya malalamiko ya wenye magari, aliyefaidika hasa ni mama mwenye kapu. Malalamiko ya mwenye nacho yalikuwa mwavuli wa asiye nacho.

Na mwavuli huo ukiondolewa? Chombo cha wote kikigeuka kuwa chombo cha maskini peke yao, kitakuwa hakina mwenyewe. Tazameni katika nchi yetu, tazameni katika miji yetu. Shule ambazo watoto wa wakubwa wamehama, hali yake ikoje? Zahanati ambazo daktari mwenyewe hamleti mwanawe kutibiwa, dawa zake zikoje? Sihitaji kutaja jina la mahali popote. Kila msomaji anapo pake.

Wala haya si mambo ya kudhania. Bahari ile ina kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi mapema, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na gati ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, na watu 272 wakafa maji. Wengi wao walikuwa wakienda kazini. Nilikuwa kijana wakati huo, mgeni wa kalamu, nami nakumbuka jinsi mji ulivyonyamaza siku hiyo, na jinsi kila mtaa ulivyokuwa na nyumba yenye matanga. Mtongwe kilikuwa kivuko cha watu wa kazi, wapandao chombo gizani ili wawahi zamu. Watu kama hao wakisema chombo kimejaa, nani huwasikia? Baada ya msiba ule kivuko hicho kikafungwa na kufunguliwa, kikafunguliwa na kufungwa, mpaka wenyeji wakaacha kuuliza.

Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likiwa na mama na binti yake mdogo, likazama katika mkondo ule wa Likoni. Ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Nchi nzima ilikesha ikitazama, na ndipo hali ya vyombo vyetu ikaulizwa kwa sauti kubwa. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, wa mwaka ule na wa mwaka huu.

Na Machi 27, 2020, jioni ya kwanza ya kafyu wakati wa korona, waliorushiwa vitoa machozi na kupigwa virungu pale kwenye feri walikuwa ni watu wa miguu, waliokuwa wakikimbilia chombo ili wafike makwao kabla ya saa moja ya usiku. Walikuwa wengi kwa sababu vyombo havikutosha, na wakaadhibiwa kwa wingi wao. Nayasema haya si kwa kufukua makaburi. Nayasema ili tukumbuke kwamba anayevuka kwa miguu amekwisha kubeba zaidi ya fungu lake, na sasa twataka kumwacha peke yake.

Kuna wanaonijibu kwa hoja, na hoja zao ni haki yao zisikilizwe.

Hoja ya kwanza ni hii: mbona Kilifi palikuwa na feri, daraja likaja mwaka 1991, feri ikaondoka na maisha yakaendelea? Mbona Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu mwaka 1931, likaja hili la sasa mwaka 1980, na hakuna anayelililia la zamani? Jawabu ni kwamba daraja la Kilifi na daraja la Nyali yamechukua mahali pale pale pa kuvukia. Mtu wa miguu wa Mnarani avuka daraja kwa miguu yake akafika mjini Kilifi. Mtu wa Kongowea avuka Nyali kwa miguu akaingia kisiwani. Dongo Kundu haikuchukua mahali pa feri. Hakuna binadamu atakayetoka Likoni kwa miguu, apite Kibundani, Mteza, Mwache na Miritini ili afike Marikiti kununua vitunguu. Njia ile ni ya magurudumu. Kuifananisha na daraja la Nyali ni kufananisha jahazi na mtumbwi kwa kuwa vyote vyaelea.

Hoja ya pili ni kuwa daraja kubwa litajengwa Likoni penyewe, lile liitwalo Mombasa Gate, na mkopo wake wa Japani ulitiwa saini Desemba 2019. Inshallah lijengwe. Lakini tukumbuke kwamba chini yake zitapita meli zote ziingiazo Kilindini, kwa hivyo halina budi kuinuliwa zaidi ya mita sitini juu ya maji, urefu wa jumba la orofa ishirini. Mama mwenye kapu la nazi kichwani na mtoto mgongoni ndiye wa kuupanda mlima huo na kuushuka kila siku? Tulikwisha pata funzo la Liwatoni. Wakati wa korona lilijengwa daraja la kuelea la watu wa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, kwa gharama ya karibu shilingi bilioni 1.9. Likawasaidia watu, sikatai, lakini lilikuwa la kufunguliwa kwa saa maalumu na kuondoshwa njiani kila meli ipitapo. Bandari ni bandari. Penye meli kubwa na watu wengi, chombo cha kuvusha ndicho kinachopatana na bahari.

Hoja ya tatu ni ya wale wasemao kwamba feri ni mambo ya kale, na kwamba ulimwengu ulioendelea umekwisha achana nayo. Hao ningependa wasafiri, hata kama ni kwa ramani. Istanbul, mji wa misikiti uliogawanyika na maji kama wetu, una madaraja matatu juu ya Bosphorus, la kwanza la mwaka 1973, na una njia za chini ya bahari, ya reli tangu 2013 na ya magari tangu 2016. Juu ya yote hayo, feri zao zingali zikivuka mchana kutwa, na iko ile ya magari baina ya Sirkeci na Harem ambayo dereva huipanda makusudi ili aepukane na msongamano wa madarajani. Waturuki hawakuona haya kuwa na daraja na feri pamoja.

Wamarekani wao walifanya lile ambalo wenzangu wanalitaka, na wakajuta. San Francisco walifungua daraja lao mashuhuri la Golden Gate mwaka 1937, mwaka ule ule wa feri yetu ya Likoni. Magari yakazihama feri, feri zikafa katika miaka michache. Kisha magari yakazidi, daraja likajaa, na mwaka 1970 wenye daraja wenyewe ikawabidi waanzishe feri upya, kwa gharama mpya na vyombo vipya. Kitu walichokizika kwa mikono yao walikifukua kwa mikono yao. Sisi tuna bahati ya kuliona kosa la mwenzetu kabla hatujalifanya.

Hata jirani zetu Dar es Salaam, tangu daraja la Nyerere la Kigamboni lifunguliwe Aprili 2016, pantoni ya Magogoni haikuondoka. Watu wangali wakivuka kwa maelfu, kwa sababu daraja liko mbali na katikati ya mji na pantoni iko mlangoni mwake. Hesabu yao ni hesabu yetu.

Basi nini kifanywe? Nina maombi kwa watu wa aina tatu.

Kwa wenye magari wa Diani, Ukunda, Msambweni, Kwale na Likoni yenyewe: mkiwa safari yenu ni ya kisiwani, rudini kwenye feri. Lipeni ushuru wenu mkijua kwamba ni kama sadaka iliyofichika. Mkipanda chombo, vuteni breki ya mkono, zimeni injini, sikilizeni waongozaji. Na aliye peke yake katika gari la watu watano, hana mzigo wala mgonjwa, afikirie kuliacha gari Likoni na kuvuka kwa miguu kama wenziwe. Atajua mengi kuhusu mji wake ambayo hayaonekani nyuma ya kioo. Na akikutana na uchafu, au banda linalovuja, au mzee anayesukumwa, alalamike kama alivyokuwa akilalamika juu ya foleni yake. Sauti yake bado ina thamani, aitumie.

Kwa wenye mamlaka: msiipime feri kwa faida na hasara kama duka la Mhindi. Barabara ya Dongo Kundu hamkuuliza imeleta faida gani mwezi wa kwanza. Wekeni vyombo vya kutosha majini, na chombo kikipelekwa kutengenezwa kuwe na kingine badala yake. Kivuko cha Mtongwe kipeni maisha ya kudumu, kwa kuwa watu wake wamengoja tangu msiba. Tengenezeni mahali pa kuegesha magari Likoni, salama na kwa bei ya haki, ili mtu aweze kuliacha gari lake bila wasiwasi. Mtenganisheni mtu wa miguu na gari wakati wa kupanda na kushuka, na vifaa vya kuokolea viwe mahali pa kuonekana. Zaidi ya yote, toeni ahadi mbele ya watu kwamba mguu utavuka bure leo na kesho. Ahadi ni deni, nasi tutaidai.

Kwa viongozi wetu wa Kwale, ambao siku hizi safari zao nyingi za Nairobi hazipiti Likoni tena: pangeni siku moja kila mwezi mvuke kwa miguu, saa kumi na mbili asubuhi, bila walinzi na bila wapiga picha. Simameni bandani pamoja na watu mpaka mlango ufunguliwe. Sitasema zaidi. Mtakayoyaona yatasema yenyewe.

Na kuna wagonjwa. Hospitali ya Msambweni ni kubwa na inatufaa, lakini kuna maradhi ambayo mgonjwa huandikiwa kwenda kisiwani. Mwenye gari la kukodi atachagua njia. Lakini wengi wa wagonjwa wetu hawaji kwa gari la wagonjwa lenye king'ora. Waja kwa matatu hadi Likoni, wakishikwa mkono na binti au mjukuu, washuke, watembee, wapande chombo, washuke, watafute tuktuk ng'ambo ya pili. Mgonjwa huyo Dongo Kundu haimjui. Yeye anaijua feri tu, na feri ikilegea, ni yeye atakayelala bandani. Kila nikisikia mtu akisema feri imekwisha kazi, huyo ndiye anayenijia moyoni, na ndiye ninayemwandikia leo.

Kwa kuwa sisi watu wa pwani neno halijakamilika mpaka litiwe mizani, nawaachia ubeti huu mmoja:

Njia mpya twaikiri, ni neema ya Karima,
Lakini bado kwa feri, watu wavuka daima,
Usiiache bahari, ewe mwenye gari jema,
Likoni pasipo liko, tutavukaje salama?

Wabillahi taufiki.